Sumu ya Msimu wa Ufuta

Kwetu Mkotokuyana magonjwa yana msimu kama mazao. Malaria huja na mvua. Sumu mwilini huja na malipo ya ufuta. Kabla ya hapo kijiji kizima ni wazima wa afya. Chama cha msingi kikishalipa tu, gari lenye spika mbili linaingia, nasi sote tunaugua.

Mimi niliugua siku ya mnada, kama saa nne asubuhi. Spika iliuliza: "Je, unaamka umechoka? Kiuno kinabana ukiinama?" Nikasimama. Nilikuwa nimeinama wiki tatu nikikata ufuta na kufunga matita. Kiuno kisinibane mimi, kimbane nani? Ningeondoka zangu, lakini ikaongeza: "Unasahau ulichotumwa?" Hapo nikagundua kwamba nimesahau mke wangu kanituma nini.

Kijana wa koti jeupe akanishikisha chuma chenye waya. Kompyuta ikalia, karatasi ikatoka: figo zimechoka, damu nzito, sumu kila kona. Mjomba, aliyenifuata ili anicheke, naye akajaribu. Figo zimechoka, damu nzito, na mlango wa kizazi una uvimbe. Mjomba ana miaka 71 na ndevu. Kijana hata hakupepesa macho: "Mzee, bahati yako umewahi."

Chupa elfu thelathini. Nikalia lia, akaniachia kwa ishirini na tano. Nilikunywa vifuniko viwili usiku, alfajiri nikapanda basi la Masasi. Sitaeleza sana. Kondakta alisimamisha gari mara tatu, na mara ya tatu abiria walinishushia na begi langu. Nikiwa kichakani nikampigia kijana.

"Hongera, mzee! Sumu inatoka hiyo!"

"Na kama isingetoka?"

"Basi ni sugu. Ungeongeza chupa."

Nilivutiwa, kusema kweli. Kesi ya namna hiyo hakuna wakili anayeweza kuishinda.

Tusidhani ni ushamba wetu wa kusini. Marekani na New Zealand zinaruhusu hata dawa za cheti kutangaziwa watu kwenye televisheni. Mwaka 2007 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo Lyrica kwa fibromyalgia, yaani maumivu ya mwili mzima yasiyoonekana kwenye vipimo vya damu wala picha. Matangazo yakafuata, huku baadhi ya madaktari wakiendelea kubishana kama ugonjwa wenyewe upo. Kule nako mtazamaji anasomewa dalili, anajipapasa, kisha anaambiwa akamuulize daktari wake. Tofauti ni kwamba sheria inawalazimisha wataje na madhara. Kijana wangu angetaja basi la Masasi, chupa ingebaki kwake.

Ila tangu siku ile nimejifunza kumshuku muuzaji bila kumcheka mgonjwa, na hilo nalisema kwa aibu. Mama mkwe alilalamika miaka miwili kwamba nyayo zinamwaka moto usiku. Tulimwambia ni uzee. Jirani akasema amekanyaga kitu. Mwishowe mganga wa zahanati akamtoboa kidole, sukari ikasoma 22. Kisukari ndicho kilichokuwa kikimharibu mishipa ya fahamu miguuni, sisi tunamwambia anadeka. Spika nayo ilikuwa imetaja nyayo kuwaka moto. Angekuwa na elfu thelathini siku ile, angeondoka na chupa badala ya kwenda kupimwa.

Siku ile ya basi nilirudi nyumbani jioni na begi, nusu chupa, na njaa. Mke wangu aliniangalia mikono.

"Na chumvi?"

Ah. Chumvi.

Mjomba ndiye pekee aliyefaidika. Karatasi yake ameikunja vizuri, anaiweka mfuko wa shati. Juzi nilimwomba anisaidie kupalilia mikorosho. Akaitoa taratibu, akaikunjua, akavaa miwani.

"Ningekuja, mpwa wangu," akasema, "lakini kizazi hakitaki niiname."