Hawe Akibadili Kiti

Tafuta kwanza meza isiyoyumba. Tiketi hubadilishwa jioni, watu wamejazana mlangoni na kayamba limeshaanza kulia ndani, na meza inayoyumba humwaga sarafu miguuni pa watoto wenye mikono myepesi. Ukishaipata, tafuta daftari lililoshonwa, lisilonyofoka kurasa. Kalamu iwe ya wino. Penseli na raba zirudishe shuleni zilikotoka.

Haya nimeyakusanya nikiwa kwenye meza ya kikundi cha maigizo hapa Tezo, kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi. Tunacheza siku mbili, Ijumaa na Jumamosi. Kiti cha mbele ni shilingi 500, benchi 300, mkeka wa watoto 100. Bei tatu kwa siku mbili. Mtu ataona hapo hapana hesabu ya kumtoa jasho. Basi na angoje Ijumaa saa kumi na mbili, matatu ya Malindi ikwame njiani, mvua ishuke, na kwa jirani wafike wageni bila taarifa. Nusu ya kijiji itataka kubadilisha.

Wa kwanza ni kijana aliyenunua benchi juzi, na leo anataka kiti cha mbele kwa sababu ambayo imekaa tayari kwenye kiti cha mbele, imejitanda leso mpya. Pokea tiketi yake ya zamani, ichore msalaba mbele ya macho yake, mpe mpya, chukua 200. Halafu usiandike “200” ukaishia hapo! Ukifanya hivyo, usiku daftari litasema kiti cha mbele kimeuzwa kwa mia mbili, na wenzako watauliza huyo aliyepunguziwa ni shemeji yako wa upande gani. Andika mistari miwili: benchi limerudi, toa 300, kiti cha mbele kimetoka, ingiza 500. Mia mbili itajitokeza yenyewe, na utajua pia kwamba benchi lina nafasi moja ya kuuza.

Uandishi huu wa pande mbili ni wa zamani. Mtawa wa Kiitalia, Luca Pacioli, aliuchapisha kitabuni Venice mwaka 1494, akieleza mazoea ya wafanyabiashara wa mji ule. Miaka minne baadaye Vasco da Gama alitia nanga Malindi, akakuta watu waliokuwa wakifanya biashara na Bara Hindi tangu kabla yake. Hesabu si kitu kigeni kwenye pwani hii, na karani wa Tezo asikubali kuambiwa kwamba ni kigeni.

Wa pili ndiye nimpendaye kuliko wote. Ni hawe, bibi wa wajukuu wengi, ana tiketi nne za benchi za Ijumaa. Amelipa 1,200. Sasa anataka Jumamosi: viti viwili vya mbele na mikeka miwili. Piga hesabu: 1,000 na 200, jumla 1,200.

“Mwanangu, hapo hapana tofauti. Niandikie tu Jumamosi huku nyuma.”

“Hawe, nipe kwanza hizo za Ijumaa.”

Na hapo ushikilie, kwa adabu zote, hata foleni ikianza kuguna. Kikundi chetu hugawana mapato ya kila usiku kati ya waliocheza usiku huo. Mpiga kayamba wa Ijumaa huenda Jumamosi yuko kwenye matanga kwao. Ukimwandikia hawe nyuma ya karatasi, ile 1,200 inabaki Ijumaa ilhali macho yanayotazama mchezo yamehamia Jumamosi, na nafasi nne za benchi zinalala wazi huku watu wamesimama nje. Kati ya mabadiliko yote ya jioni ile, hili lenye tofauti ya sifuri ndilo linalohamisha pesa nyingi zaidi. Toa 1,200 Ijumaa, ingiza 1,200 Jumamosi, kila aina ya kiti kwenye mstari wake.

Ndiyo maana pesa ya tiketi mimi huiweka safu ya peke yake, naiita amana, mpaka mchezo uchezwe. Kabla ya hapo ni deni: mteja anakudai mchezo. Kikundi kilichokwisha kununulia mafuta ya jenereta pesa za Jumamosi kitamrudishia hawe nini, moshi?

Wako pia walionunua mapema kwa bei ya punguzo, 250. Tiketi imechapwa 300, lakini wewe fuata kilicholipwa. Akitaka kiti cha 500, anaongeza 250. Kama kikundi kimeamua punguzo lifuate mtu, sawa, lakini uamuzi huo uandikwe na ubandikwe ukutani kabla tiketi ya kwanza haijauzwa, usizuke mlangoni kwa ajili ya binamu.

Anayeshuka kutoka mbele kwenda benchi anadai 200, na hapa ndipo nilipoumia. Usiku mmoja sanduku lilipungua 600. Mimi na mwenzangu tulitazamana vibaya, tukaachana bila kuagana, na wiki nzima hatukusemezana. Kumbe watu watatu walikuwa wamelipa kwa M-Pesa, sisi tukawarudishia taslimu, mia mbili mbili. Simu ilizidi 600, sanduku likapungua 600, na tulipoweka taarifa ya simu kando ya daftari jambo lilionekana kwa dakika moja. Tangu siku hiyo pesa hurudi kwa njia iliyoingilia, na nani anabeba gharama ya kutuma tumeshakubaliana mapema.

Mteja akisema, “Hiyo mia mbili wape wachezaji chai,” mshukuru, andika mchango na jina lake, safu ya peke yake. Kama hakusema, hakusema. Nimewaona makarani wenye masikio ya ajabu, yanayosikia “baki nayo” kutoka kwenye mdomo uliofumba, na nawaambia waziwazi: huo ni wizi, hata ukiwa wa shilingi hamsini.

Mchezo ukiisha usikimbilie kuhesabu pesa. Hesabu karatasi kwanza. Tiketi zilizo mikononi mwa watu, zilizorudi zenye misalaba, na ambazo hazijauzwa, jumla yake iwe sawa na zilizochapwa. Zikitimia, fungua sanduku, weka simu kando yake, na umwite mwenzako asome daftari kwa sauti. Kisha mwite mpiga kayamba, umhesabie mkononi.