Anko, Usiongee, Narekodi

Sijui kama ni mtaa wenu pia ama ni huku kwetu Eastlands tu. Asubuhi, kabla sijapata slipa ya pili, spika ya jamaa wa dawa ya panya imeshafika dirishani. Panya, mende, kunguni, viroboto! Panya, mende, kunguni, viroboto! Jamaa mwenyewe haongei. Anatembea tu na mkoba wake, kimya, anatafuna kitu. Sauti aliirekodi zamani akaitia kwenye memori kadi, inajirudia mpaka betri ichoke, na ikichoka inaanza kukwaruza na kukatika, kunguni wanabaki ngu, ngu, ngu. Nyuma yake anakuja wa chuma kuukuu. Juu yangu kuna jirani anayeburuta kitanda kila usiku, sijui anakipeleka wapi, maana asubuhi kiko palepale. Geti linalia. Friji yangu inakoroma kunishinda. Na kodi nalipa, tena keateka hajui kusubiri.

Sasa naambiwa eti hiyo yote ni sanaa.

Aliyeniambia ni kijana wa dadake mama watoto. Anasomea muziki chuoni, amekuja kukaa kwetu "kwa muda". Muda wa watu wa ukoo nyinyi mnaujua, sina haja ya kueleza. Mimi nikafurahi, nikasema angalau nyumba itapata gitaa, kijana atatupigia rumba jioni tukingoja ugali. Wapi! Kijana ameingia na maiki imevishwa manyoya kama paka aliyetoka kunyeshewa. Nauliza, hii imepatwa na nini? Ananiambia manyoya ni ya kuzuia upepo usiingie kwenye rekodi. Upepo! Dirisha langu linatazamana na ukuta wa ploti ya pili, hata harufu ya chapati za jirani huingia kwa shida.

Kesho yake natoka chumbani nikijinyoosha, nafungua mdomo nisalimie watu wa nyumba yangu. Kijana ananyoosha kidole. "Anko, tafadhali usiongee, narekodi." Unarekodi nani? "Friji." Nikasimama hapo na mswaki mdomoni, povu linanishuka kidevuni, nikiipisha friji niliyoinunua mwenyewe, tena kwa deni.

Jioni nikataka maelezo. Nikayapata, na sasa najuta, kwa sababu kijana akianza hakuna breki. Anasema kuna Mmisri mmoja, Halim El-Dabh, mwaka wa 1944 huko Cairo aliazima mashine ya kurekodi kutoka kituo cha redio. Mashine yenyewe haikuwa hata na mkanda, ilikuwa inarekodi kwenye waya. Akaenda nayo kwenye ngoma ya zaar, ile ya kina mama ya kutuliza mapepo, watu wa Pwani wanajua ninachosema. Akarekodi nyimbo zao, akarudi studio, akaanza kuchuja. Akaondoa sauti yenyewe ya kuimba, akabakiza mwangwi na mtetemo wake. Nikauliza, yaani alitoa nyama akabakiza mvuke? Kijana akasema, "Exactly, Anko." Nilidhani nimetania.

Miaka minne baadaye, mwaka wa 1948, Mfaransa Pierre Schaeffer naye akaenda stesheni ya Batignolles pale Paris, akarekodi magari ya moshi, akayakatakata na kuyapanga upya, akayapigia watu redioni. Dunia ikashangaa. Vitabu vingi vinaanza hadithi na huyu Mfaransa, Mmisri anatajwa kwa chini. Hapo nilikasirika kidogo, nikajiona na mimi ni Mwafrika mwenye msimamo. Kisha kijana akaniuliza kama nimewahi kusikiliza kazi ya El-Dabh, nikauliza kama chai iko tayari.

Lakini aliyenitoa jasho ni Mwingereza Chris Watson. Huyu zamani alikuwa na bendi huko Sheffield, akaacha, akaenda kurekodi wanyama. Amefika mpaka huku kwetu Kenya akawarekodi tai wakila mzoga wa punda milia. Maiki akaziweka wapi? Ndani ya mbavu za punda milia! Halafu mwaka wa 2003 akatoa albamu, Weather Report, na humo kuna saa kumi na nne za Maasai Mara zimebanwa zikawa dakika kumi na nane. Mimi Mara nimeiona kwa kalenda ya benki. Nimezaliwa nchi hii, nitazikwa nchi hii, na ninayeambiwa jinsi tai anavyokula ni mimi, na anayeniambia ni mtu wa Sheffield.

Na Wakenya wenyewe wameingia. Kijana akanipa hedifoni, akasema, sikiliza huyu, ni mjukuu wa Joseph Kamaru. Ah! Hapo nikakaa vizuri. Kamaru nani asiyemjua? Mzee wa nyimbo za Kikuyu, mafumbo mpaka wanasiasa wanakosa usingizi, aliyetuacha mwaka wa 2018. Nikafumba macho nikingoja gitaa. Dakika ya kwanza, vuuuu. Dakika ya tatu, vuuuu. Nikavua hedifoni nikaikagua, nikadhani waya imegusana. Kumbe ndiyo kazi. Mjukuu ana jina lilelile la babu, anajiita KMRU, na hiyo ni albamu yake ya 2020, Peel. Ile ngoma ya kwanza jina lake ni swali la Kiingereza, linakuuliza uko hapa kwa nini. Ndugu msomaji, hata mimi nilikuwa najiuliza.

Nisiseme uongo lakini. Nilisikiliza hadi mwisho, kwa sababu nilikuwa nimelala, na nilipoamka nilijisikia vizuri kuliko siku nyingi. Hiyo naihesabu.

Huyohuyo KMRU ana kazi nyingine aliyoitoa 2022, Temporary Stored. Kule Ubelgiji, Tervuren, kuna makumbusho makubwa ya Afrika ya Kati, na ndani yake zimo sauti za watu wetu zilizorekodiwa enzi za ukoloni. Zimekaa huko stoo. KMRU akazichukua, akazijibu kwa sauti zake. Mama watoto aliposikia hivyo akanitazama, akatazama uvunguni mwa kitanda. Maana nami nina stoo yangu.

Nina katoni ya kaseti, jameni. Nimehama nayo nyumba kwa nyumba, mama watoto akitishia kumuuzia yule wa chuma kuukuu, ambaye hata yeye alizikataa, akasema plastiki haina bei. Kijana alipoiona alipiga magoti. Mimi kupigiwa magoti na mtu wa chuo! Kumbe ni kaseti.

Akaanza kazi palepale kwenye meza ya kulia chakula, tukala kwa mapaja wiki nzima. Vijana wa siku hizi hawajui, lakini sisi tuliosumbuka tunajua. Kaseti ina vijino viwili juu, ukivivunja hairekodiki tena, ukibadilisha mawazo unaziba tundu kwa selotepu. Ndiyo maana kaseti zetu zina mahubiri yanayokatika katikati ya Yakobo na kuingia lingala. Kijana anafungua skrubu ndogo za pembeni, anatoa mkanda, anapangusa, anaunyoosha kwa ncha ya kucha. Ile sponji ndogo inayosukuma mkanda imebanduka, anabandika nyingine. Anazungusha kwa biro. Angalau kwa biro nilimshinda, nikamwonyesha mkono unavyozunguka. Hapo ndipo aliponiambia kwamba mkanda wa kaseti unatembea sentimita 4.76 kwa sekunde, mwendo uleule tangu Philips walipoitoa mwaka wa 1963. Mimi nilimwelewa mara moja, ndio mwendo wa mshahara wangu.

Akaipata ile moja.

Ngoja niseme polepole. Nikiwa kijana nilitaka kuwa mtangazaji wa mpira. Leonard Mambo Mbotela akitangaza Gor na AFC, sisi kijijini tulikuwa tunauona mpira kwa masikio. Basi siku moja nikachukua redio ya mama, nikatia kaseti ya dakika sitini, nikajifungia jikoni na kutangaza mechi nzima kutoka kichwani. Pasi, chenga, kona, refa kamwonya mtu. Goli nilifunga mimi. Nikawa nimesahau kaseti hiyo ipo.

Kijana akaibonyeza. Sauti ikatoka, nzito, ya kiume, nikavimba kichwa. "Mnasikia?" nikawaambia watoto. "Baba yenu alikuwa anaenda mbali." Kipindi cha kwanza safi. Kipindi cha pili, mbona Mbotela anaanza kuharakisha? Mbona sauti inapanda? Kufika dakika za majeruhi ni katoto kadogo kanalia goli. Watoto walianguka chini. Kijana akaeleza kwa heshima zote, na hiyo heshima ndiyo iliyoniumiza, kwamba siku hiyo betri zilikuwa zinaisha, mota ikazidi kupunguza mwendo, kwa hivyo ukicheza leo kwa mwendo sahihi sauti inakimbia na kupanda. Sayansi imenivua nguo mbele ya watoto wangu.

Na hapohapo, mwisho kabisa, refa anataka kupuliza, unasikia mlango wa jikoni. Sufuria inatua. Kuku anapiga kelele, bila shaka kakanyagwa. Halafu mama yangu, Mungu amweke pema: "Weeewe! Zima hiyo redio, betri zinaisha, na taarifa ya habari nitasikia na nini?" Kacha! Mwisho wa kaseti.

Sebule ikanyamaza. Mama watoto hakuwahi kumsikia mama, alikufa kabla sijaoa. Akasema, "Rudisha hapo." Kijana akarudisha. Rudisha tena.

Mwezi uliofuata tukaalikwa ukumbi mmoja mjini, usiku wa kusikiliza kazi ya kijana. Nikavaa suti. Nimefika, hakuna viti. Watu wazima, wengine na magari yao, wamelala chini kwenye mito, wamefumba macho, taa zimezimwa. Na suti yangu nikalala. Kijana akawasimulia kwanza kuhusu wenzake. Binti wa Kenya, Nyokabi Kariuki, ametoa peace places: kenyan memories mwaka wa 2022, ndani kuna shamba la nyanya yake, kuna ufuo wa Galu, kuna hata kipande cha kulisha mbuzi maembe. Maembe! Mimi embe moja tunagawana watu watano na kokwa ni la baba. Halafu Emeka Ogboh wa Nigeria, aliyechukua kelele za soko la Balogun la Lagos akazipeleka Washington kwenye makumbusho ya sanaa ya Afrika ya Smithsonian mwaka wa 2016, watu wakawa wanaingia makusudi kusikia wauzaji wakipiga kelele. Mimi nikienda Gikomba narudi na maumivu ya kichwa na suruali ya mguu mmoja mrefu, na hakuna anayeniita msanii.

Kisha kazi yenyewe ikaanza. Friji yangu hiyo. Geti letu hilo. Yule wa dawa ya panya, kakwaruza vizuri, watu gizani wakaguna kwa raha, na mimi nikaona haki imetendeka, maana huyo jamaa amefanya kazi hii mtaani kabla ya chuo chochote, tena bila kuomba ufadhili. Jirani akaburuta kitanda. Nikangoja Mbotela wangu. Nikangoja chenga, kona. Kikaingia kitu kama mvumo, shiiii, na ndani yake kama mtu anataka kusema na hasemi. Mlango. Sufuria. Kuku. "Weeewe! Zima hiyo redio!" Sauti ya mama safi, kijana ameirekebisha mwendo kwa kompyuta, unadhani amesimama hapo na mwiko. Ukumbi ulicheka, kisha mama mmoja karibu nami akaanza kulia, sijui kama kamlilia mama yake.

Na mimi? Nilimbana kijana nje. Dakika sitini za jasho ziko wapi? "Anko, uko. Ule mvumo wa nyuma ni wewe. Nilitoa maneno nikabakiza mwangwi." El-Dabh na mapepo yake wameniponza. Sauti ya mama ameirekebisha, yangu ameifanya moshi. Kwenye karatasi ya programu jina la mama limeandikwa, la kuku limekosekana, na langu liko chini, "shukrani kwa kaseti".

Mtaani nako nimejiletea balaa, kwa sababu nilijisifu kabla. Mama mboga anadai pesa ya sauti yake, anasema alisikika akikata sukuma. Keateka amekataa kutia geti mafuta, eti ni urithi. Jirani wa juu ameuliza kama ataitwa tena, na siku hizi anaburuta kitanda kwa madaha.

Mbaya zaidi ni mama watoto. Alimwomba kijana kile kipande cha mama, akakiweka kwenye simu kiwe mlio wangu, wangu peke yangu. Nikimpigia, mama ndiye anayepokea. Juzi mvua imenikuta nje, geti limefungwa, nikapiga. Nikaisikia simu ikiita ndani: Weeewe! Zima hiyo redio! Weeewe! Zima hiyo redio! Nikasikia watoto wakicheka. Nikasikia mtu akiongeza sauti ya televisheni. Wa kufungua, hakuna.