Sifa za Kamba ya Bariyeri

Uvira ni mji wenye vingi vya kusifiwa. Ipo milima ya Mitumba iliyousukuma mji mpaka ukingoni mwa maji, wapo migebuka na ndagala wa Tanganyika, lipo jua linalochomoza juu ya Burundi na kulivuka ziwa zima kabla ya kufika bandari ya Kalundu. Kamba ya bariyeri peke yake ndiyo haijapata wa kuisifu. Kila asubuhi imekatiza barabara kutoka mti hadi jiwe, na kila atokaye bandarini huipa heshima zake kwa kukanyaga breki, lakini hakuna aliyeitungia hata ubeti mmoja. Deni hilo lilipwe leo.

Kwanza itazamwe kwa karibu, maana wengi huiona kupitia kioo cha gari wakiwa wameshakasirika. Ni kamba ya nailoni, ya buluu au ya kijani iliyopauka, ambayo ujanani ilivuta nyavu au kufunga mitumbwi. Katikati imevishwa vipande vya mifuko ya plastiki ili dereva aione usiku. Urefu wake ni upana wa barabara na kidogo zaidi. Ncha moja imekazwa kwenye mti kwa fundo ambalo hakuna anayekumbuka lilifungwa lini. Ncha ya pili imezungushwa kwenye jiwe, au mkononi mwa kijana aliyekalia kiti cha plastiki kilichobakiza miguu mitatu. Kijana akiridhika huilegeza, kamba inalala vumbini, gari linaikanyaga na kupita, kisha inainuka tena. Haijikung'uti hata vumbi.

Fadhila yake kuu ni utumishi, na hapa sharti msifaji apewe nafasi. Katika jamhuri nzima, kuanzia Banana baharini hadi Kalundu, hakuna mtumishi wa umma anayeifikia kamba. Hufika kazini kabla jogoo hajawika mara ya pili. Haijapata kuomba ruhusa ya msiba, haijapelekwa semina Kinshasa, haijawahi kumwambia mtu kwamba mkubwa ametoka kidogo, arudi kesho. Walimu wa Kongo wamegoma mara nyingi wakidai mishahara; kamba haina mshahara na haijagoma siku moja. Haitumii petroli. Haihitaji jenereta, kompyuta, muhuri wala picha ya rais ukutani.

Uaminifu wake kwa dola ni wa ajabu, kwa kuwa haikuuliza kamwe dola ni ya nani. Ilimtumikia Mobutu. Oktoba 1996 waasi wa AFDL walipoiteka Uvira waliikuta, ikawatumikia. Mwaka 1998 waasi wa RCD wakaja na vita vyao, ikawatumikia nao, na mwaka 2003 ikaingia katika serikali ya mpito bila kufanyiwa usaili. Kila aliyeingia alitangaza ukombozi, na muda si muda vijana wake walikuwa wameketi kwenye kile kiti, wakiuliza wapitao wanabeba nini.

Ingekuwa haki Juni 30, sikukuu ya uhuru, kamba itangulie gwaride. Tatizo ni kwamba ikitangulia, gwaride lote litasimama nyuma yake, bendi ikiwa ya kwanza kupapasa mifuko. Basi ipewe cheo palepale ilipo. Kila ikikatwa na lori lililoshindwa kusimama huungwa kwa fundo, na mafundo hayo yahesabiwe kuwa nyota za begani. Mafundo matatu, kapteni. Zipo kamba kwenye barabara ya kwenda Baraka ambazo kwa hesabu hiyo ni majenerali watupu. Medali itaning'inizwa katikati, kando ya mfuko wa plastiki. Pensheni haitaidai, kwa sababu haistaafu.

Fadhila nyingine zitajwe kwa haraka. Hupunguza ajali, kwani gari lililosimama haligongi mtu. Hukuza biashara ya karanga, ndizi na maji ya vifuko. Huwarudisha madereva kwenye sala. Haibagui: motari, mchuuzi na padri wote hukutana na nailoni ileile. Na hufundisha hesabu kuliko shule, maana dereva wa safari ndefu hujua kabla ya kuwasha injini ni noti ngapi za franka 500, zile zenye picha ya wachimba almasi, azikunje ndani ya karatasi za gari.

Ukoo wake pia ni wa kale. Mwaka 1858 Waingereza Richard Burton na John Speke walitoka Ujiji kwa mitumbwi hadi Uvira, wakafika Aprili 26. Walitaka kujua kama mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia. Njia nzima tangu pwani walikuwa wameacha vitambaa, shanga na nyaya za shaba kwa machifu kama hongo, yaani ushuru wa kupita, na huko Ujiji jumbe wa Kawele, Kannena, aliwakamua vizuri kabla ya kuwapeleka majini. Uvira walipata jibu la mdomo tu: wana wa mtawala wa hapo waliwaambia kwamba mto unaingia. Wapiga makasia walikataa kusonga mbele, na Burton akageuza chombo bila kuuona mto ambao ulikuwa jirani kabisa. Wenye kusoma historia humcheka. Anayetoka Kalundu leo kwenda Kavimvira, mpakani, karibu na Ruzizi huohuo, hamcheki.

Henry Stanley naye, mwaka 1871, alipita Uha akiwa njiani kumtafuta Livingstone. Chifu wa kwanza alimtoza, aliyefuata akamtoza, kisha akaambiwa mbele wako wengine wanaomsubiri. Akamlipa mtu anayezijua njia za porini, akatoroka usiku pamoja na msafara wake wote. Mwaka huohuo yeye na Livingstone walikuja hadi kaskazini ya ziwa, wakauona Ruzizi kwa macho yao, na wana wa mtawala wa Uvira wakawa wamesema kweli.

Lakini machifu wale walikuwa na kasoro moja ambayo kamba imeirekebisha: hongo yao ilikuwa na malipo. Katika ukavu wa Ugogo, kwenye njia ileile ya kutoka pwani, msafara uliotoa hongo ulipata maji ya visima na nafasi ya kununua chakula. Kamba imeisafisha kazi hiyo. Imeondoa maji, imeondoa chakula, imebakiza hongo tupu.

Hapo mtu anaweza kuendelea kucheka ikiwa hajawahi kubeba beseni. Mama wa ndagala huamkia ufukweni Kalundu wakati wavuvi wanarudi na taa zao. Ananunua kwa deni, au kwa pesa ya likelemba, mchango wa kupokezana, ambayo zamu yake ilimfikia baada ya kungoja miezi. Anafunga beseni nyuma ya pikipiki, anakaa juu ya kile kilichobaki cha kiti, na kabla hajafika sokoni anaikuta kamba.

— Mama, unabeba nini?

— Ni ndagala tu, shefu.

— Acha ya maji.

— Shefu, sijauza bado.

— Basi acha samaki.

Mkono unaingia kwenye beseni, unatoka umejaa, unamwaga kwenye kifuko cheusi kilichokuwa tayari tangu alfajiri, unarudi tena. Motari anatazama pembeni. Mama hasemi kitu, kwa kuwa kesho atapita tena hapohapo, na kesho kutwa. Ile faida iliyokuwa inunue unga na kalamu ya mtoto imo kifukoni. Huo ni wizi, unafanyika saa mbili asubuhi, mbele ya watu, na anayeibiwa ndiye anayetakiwa kusema asante shefu.

Dakika hiyohiyo linakuja gari jeupe lenye antena ndefu, na kamba inalala yenyewe. Likija lenye vioo vyeusi inalala mapema zaidi, ikiwezekana na kijana anasimama. Kwa hiyo ile sifa ya kutobagua, iliyotajwa juu, ifutwe.

Ipo hesabu ya ukubwa wa jambo hili. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya IPIS, ya Ubelgiji, ilichora ramani ya bariyeri katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini ikazikuta 798. Makundi ya waasi yalikuwa na zake, lakini nyingi zilishikwa na watu wa dola yenyewe, jeshi likiwa mbele. Maana yake ni kwamba msafiri anayeogopa majambazi wa porini anafanya vibaya kupumua kila akiona sare.

Na aliyevaa sare naye si wa kuonewa wivu. Mshahara wake ni mdogo na huja ukitaka. Juu ya hapo anadaiwa raporti: kila baada ya muda sehemu ya alichokusanya lazima impandie mkubwa wake, na mkubwa huyo ana mkubwa mwingine. Asiyefikisha kiwango huondolewa kwenye bariyeri nzuri na kupelekwa mahali ambapo hakipiti kitu isipokuwa mbuzi. Ndiyo maana kijana wa kiti cha miguu mitatu hasikii habari ya "sijauza bado": jioni yeye pia ataulizwa, na hataruhusiwa kujibu hivyo. Kamba inayoonekana fupi ina mkia mrefu. Ncha moja imefungwa kwenye mti Kalundu, nyingine inapita ofisi kwa ofisi kuelekea Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kwa mwendo wa ndege, na katika urefu huo wote hakuna mahali imefungwa kwenye jiwe. Kila mahali imeshikwa na mtu.

Wakubwa hawawezi kusema hawajui sheria, kwa kuwa waliiandika wao. Dekreti namba 036/2002 ya Machi 28, 2002 inazitaja huduma zinazoruhusiwa kufanya kazi mipakani, nazo ni nne: forodha, uhamiaji, ukaguzi wa bidhaa na afya. Bandari ya Kalundu hupokea vyombo vya Bujumbura, Kigoma na Mpulungu, hivyo ni mpaka kama mpaka mwingine. Abiria anayeshuka hapo na begi lake anazimaliza huduma nne kabla hajaliona geti. Mezani pa tano wanaandika jina lake kwenye daftari la shule. Pa sita hapana daftari. Pa saba hapana hata meza, kuna mtu tu, naye anataka kujua msafiri ameleta nini kwa ajili ya wanaolinda usalama wake.

Mwaka 2008 iliundwa FONER, mfuko wa kutengeneza barabara, na wenye magari wanachangia. Hata hivyo Barabara ya Taifa namba 5, inayoiunganisha Uvira na Bukavu upande mmoja na Baraka na Fizi upande mwingine, mvua ikinyesha hugeuka tope ambamo malori hulala siku kadhaa. Kwenye mashimo hayo bariyeri hustawi sana, kwani gari likipunguza mwendo lenyewe kamba inapata nafuu ya kazi. Shimo na kamba ni ndugu wa tumbo moja, na baba yao anaishi mjini.

Amri za kuondoa bariyeri haramu zimetoka mara nyingi, za mawaziri na za magavana. Hakuna sababu ya kutilia shaka nia yao. Labda amri huja kwa barabara.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda, likaingia mitaa ya chini ya Uvira, likafika bandarini Kalundu na kuifunika barabara. Familia zilihama, nyumba zikaanguka, na hilo si la kuchekesha. Lakini ziwa liliifunga njia kwa ukamilifu ambao hakuna kamba inayouweza, na halikumdai mtu hata franka moja, wala halikumuuliza mama yeyote anabeba nini.

Anayesafiri kupitia Kalundu basi aombe kitansi kila anapotoa pesa: chenye jina la huduma, kiasi na muhuri. Mara nyingi hatakipata, na atacheleweshwa kwa kuuliza, lakini ni haki yake na ahesabu huduma nne tu. Walioko Kinshasa, wakitaka kuanza mahali, waanze kumlipa mshahara kwa wakati yule aliyeshika ncha ya kamba, kisha wamfutie raporti. Visu vya kuikata kamba yenyewe vinauzwa katika kila soko la Uvira.