Shaka ya Kitini

Mwaka 1641 mwanafalsafa Descartes aliandika kwamba, akiwa ameketi kando ya moto na joho lake mwilini, anaweza kuushuku hata huo mwili. Huenda kuna pepo laghai anamhadaa. Hongera zake. Kuni alichanja nani?

Mwaka 1945 Wapare wa Tanganyika ya kikoloni nao walishuku. Kodi ya mbiru ilikadiriwa kwa kukisia mali ya mtu, na hesabu yenyewe haikueleweka. Wao hawakushuku kitini: waliteremka milimani kwa maelfu, wakapiga kambi Same, bomani kwa mkuu wa wilaya. Pepo wao alikuwa na meza, daftari na muhuri.

Descartes alihangaika mpaka akajithibitishia kwamba yupo. Wapare walipunguziwa kazi hiyo. Mtoza kodi hajawahi kutilia shaka kuwepo kwa mtu.