Hekima ya Robo Mzunguko
Nchini Uingereza, ukiziacha Scotland na Ireland Kaskazini zenye ukali wake, bunduki ya upepo isiyo na kibali haitakiwi kuvuka jouli 16.27, hata hivyo mwenye nayo huanza kwa kupandisha riguleta, yaani kifaa kinachoshusha baa 200 za mtungini hadi kiwango kimoja kisichoyumba, akitarajia kasi. Kinyume chake risasi huzembea, kwa kuwa shinikizo hilo huikandamiza vali hata nyundo ikashindwa kuifungua vya kutosha. Hapo hukaza springi ya nyundo robo mzunguko, kisha robo nyingine, mpaka hewa inapotea bure kwa kishindo. Kipima kasi humweleza hayo kila anapofyatua, naye, kwa kuwa ni mtaalamu, huagiza kipima kasi kingine.