Pistoni ya Tatu Imelala

Jirani, wewe gari lako unawasha, linawaka, unaondoka. Hongera sana. Langu mimi lina maneno. Likiwa sailensa linatetemeka mpaka kioo cha pembeni kinanionyesha bodaboda moja mara tatu. Tu-tu-tu, kimya. Tu-tu-tu, kimya. Usukani unanikuna viganja. Nikajua ni barabara. Nikaegesha, likaendelea kutetemeka. Nikasema basi ni upepo.

Kumbe mji mzima unajua. Pale Ubungo konda wa daladala katoa kichwa mlangoni: "Mzee, gari inamisi hiyo!" Muuza karanga akadakia, "Pistoni moja imelala." Muuza karanga! Sinia mkononi, vifungashio vya mia mia, na injini anaisikia. Mimi mwenye kadi yenye jina langu ndiye nilikuwa nauliza pistoni inalalaje.

Yenyewe ni Corolla 100, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, injini ya 5A, pistoni nne. Nne za kwenye karatasi. Barabarani ni tatu na mgonjwa. Na mgonjwa mwenyewe hajapoteza hamu ya kula. Petroli anamiminiwa sawa na wenzake, haichomi, anaitoa mbichi kwenye egzosi, huko nyuma kunanuka sheli nzima. Yaani nina shemeji ndani ya injini. Sahani anapewa, jembe hagusi.

Juzi juzi nampeleka mama watoto kitchen party huko Kimara. Kile kimlima ndio mtihani. Nimekanyaga mafuta mpaka mwisho, gari linafikiria. Bajaji yenye abiria watatu imenipita, dereva anakula ndizi. Mama watoto kavaa sare ya kitenge, kilemba kimesimama wima, kinatetemeka pamoja na gari. Kimya. Ukumbi ukawa unaonekana kwa mbali, akaniambia kwa upole ambao sijauzoea: "Baba Neema, nishushe hapa hapa." Hapa? "Nataka kunyoosha miguu." Na vile viatu vyake vya kisigino! Kashuka. Mimi nageuza, ile petroli mbichi ikawakia ndani ya egzosi: paa! Wageni wote getini wakainama. Naye akageuka kushangaa pamoja nao. "Gari la nani hilo?" Nimemsikia kwa masikio yangu.

Basi, mafundi. Wa kwanza hakuuliza kitu. "Plagi." Nikaenda dukani, jamaa kaniuliza, unataka orijino au za kawaida? Nikamwambia za gari. Fundi katoa za zamani, moja ikatoka imelowa oili. Nikauliza, hii ni kawaida? "Gari ya zamani hiyo, bosi, lazima itoe jasho." Kaifuta na tambara, kafunga mpya, kukatulia kidogo. Nikampigia mama watoto simu kumtangazia. Sijakata simu, tu-tu-tu, kimya.

Wa pili kainua boneti, kaguna. Hivi umeshaona fundi anayemsifia mwenzake? "Nani kakufungia hizi?" Nikajiona nimefumaniwa. Huyo kasema nozeli chafu, kasafisha. Wa tatu naye, "Nani kagusa hizi nozeli?" Kasema pampu ya mafuta imechoka, katafuta iliyotumika ya Dubai, kafunga. Ile iliyotoka kanipa kwenye mfuko. Buti langu sasa ni stoo ya vitu vizima vilivyofukuzwa kazi.

Akaja kijana wa kompyuta. Kavaa glavu, kashika tableti, nikasema leo ndio leo. Kainama chini ya usukani, katafuta tundu la kuchomeka. Kapapasa. Kaulizia tochi. Kumbe gari langu limezaliwa kabla ya hilo tundu. Wamarekani walilazimisha magari yao kuwa nalo kuanzia ya mwaka 1996, na huko mashine inakwambia yenyewe: P0303, pistoni ya tatu inamisi, fungua hapo. Langu lilitengenezewa Wajapani, mapema, na halina cha kusema. Elfu ishirini ya kupima kachukua vilevile. Kapima nini? Kapima uvumilivu wangu.

Mwingine akaniambia usihangaike, hizi Toyota za zamani zinasomwa kwa waya. Kweli, ndani ya boneti kuna kiboksi cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS. Kaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kafungua swichi, taa ya injini ikaanza kunikonyeza. Pa, pa, pa, pa, mfululizo, haipungui haizidi. Ugonjwa gani huo, fundi? "Ikikonyeza hivyo maana yake hakuna ugonjwa." Gari linatikisika mpaka stika ya zamani ya bima inataka kubanduka kwenye kioo, kompyuta inasema hakuna ugonjwa! Akanifafanulia kwamba kompyuta ya enzi hizo haikufundishwa kuhesabu misi. Sawa. Tuko wawili tusiofundishwa.

Mwisho nikaangukia kwa mzee mmoja Tandika, gereji chini ya mwembe, zana zote zimo kwenye ndoo ya rangi. Hakufungua kitu. Kasema washa, liache sailensa. Akashika koleo lenye mpira, akawa anachomoa waya za plagi, moja moja. Kachomoa wa kwanza, gari likataka kuzima. Karudisha. "Huyu anafanya kazi." Wa pili vilevile. Kachomoa wa tatu. Gari halikushtuka. Halikuongeza, halikupunguza. "Huyu hapa." Nikasogea kumwona mhalifu, nikaegemeza mkono nisipopajua. Jirani, huo umeme sio wa taa ya nyumbani. Ni maelfu ya volti, na kila plagi inapigiwa kama mara mia nne kwa dakika gari likiwa limesimama tu. Niliruka mpaka ndara moja ikabaki kwenye bampa. Vijana wa gereji walicheka, mmoja akaomba nirudie, hakuona vizuri.

Mzee hakucheka. Kachomoa kofia ya mpira ya waya wa tatu, inadondosha oili. Kamulika kwenye shimo la plagi: kisima. Sili za kava ya tapeti zimekauka, oili inachuruzika taratibu, inazamisha plagi. Kaitoa, kaigeuza mbele ya macho yangu. Kwenye ile sehemu nyeupe kuna mstari mweusi, mwembamba, umetoka juu mpaka kwenye chuma. "Cheche inapita hapa nje. Ndani haifiki." Halafu kanisubirisha mpaka giza, kanyunyizia waya maji kidogo, akaniita. Nimeangalia kwa mbali safari hii, mikono mfukoni. Vicheche vya bluu vinarukaruka kutoka kwenye waya kwenda kwenye injini, vinacheza.

Sili za mpira, gasketi, seti ya waya, plagi moja. Vyote havikufika nusu ya bei ya pampu. Gari limetulia mpaka nikaliwasha mara mbili, nikidhani limezima. Mzee kaniambia ahsante, nenda, acha kushika shika.

Nikaona nipunguze hasara, nikaipeleka ile pampu ya kwenye mfuko dukani. Jamaa kaigeuza, kaipiga kwenye betri, ikaunguruma vizuri. Macho yakamtoka. "Mzee, hii ni orijino ya Japani, nzima kabisa. Mjinga gani kaitoa hii kwenye gari?"

Nikamwambia ni shemeji yangu.