Kukatwa Kauli Ndotoni

Ndoto ya kujitambua ni ile ambayo mwotaji, akiwa bado amelala fofofo, hung'amua kuwa anayoyaona ni ndoto, na kwa ung'amuzi huo hupata uwezo, angalau kwa nadharia, wa kuamua aende wapi, akutane na nani na amweleze nini. Jina linalotumiwa na wataalamu hadi leo kuziita ndoto hizo lilienezwa na Frederik van Eeden, daktari wa magonjwa ya akili wa Uholanzi, katika makala yake ya mwaka 1913, baada ya kuziandika ndoto zake mwenyewe kwa miaka mingi. Wanaozisifu husimulia jinsi walivyoruka juu ya miti na kupenya kuta bila kubisha hodi, ila hawataji sana kwamba hata wangetaka kubisha hodi baadhi yao wasingeweza, kwa sababu neno lenyewe lingekwama kooni.

Lugha ya Kiswahili haikosi msamiati wa jirani na jambo hili. Kuweweseka ni kutamka ovyo usingizini, na jinamizi ni lile linalosadikiwa kumkalia mtu kifuani hata asiweze kupiga yowe. Hata hivyo, halijapatikana neno la mtu anayejua vizuri kuwa anaota, akasimama kwa utulivu mbele ya hadhira aliyoiumba mwenyewe, akasafisha koo kama mgeni rasmi, kisha akatoa mlio wa mbuzi aliyefungwa mdomo. Huenda wahenga waliyapata masaibu hayo wakaona hayafai kuhadithiwa.

Mfano ulio karibu ni wa mwotaji mmoja wa Dar es Salaam, ambaye jina lake linasitiriwa kwa sababu ndiye anayeiandika insha hii. Wanaojizoeza ndoto za kujitambua hufundishwa kupima uhalisia, yaani kujiuliza mara kwa mara mchana kama wako macho, kuhesabu vidole, au kusoma maandishi mara mbili ili kuona kama yamebadilika, kwa matumaini kuwa mazoea hayo yatawafuata hadi usingizini. Mwotaji huyu hakuhitaji kuhesabu vidole. Alikuwa katika daladala itokayo Mwenge kwenda Posta, saa moja na nusu asubuhi, siti zikiwa wazi, na kondakta akamrudishia chenji yake yote kabla hajaidai, na hapo shaka yote ikamtoka kuwa anaota.

Kwa kuwa ndoto ni yake na abiria ni wake, aliazimia kutoa hotuba aliyoiweka moyoni kwa miaka mingi kuhusu watu wanaosikiliza mahubiri, taarabu na mpira kwa spika ya simu ndani ya gari moja na kwa wakati mmoja. Alisimama, akashika bomba, akafungua kinywa aseme "Ndugu abiria", na kilichotoka kikawa "Nduuu", kizito na chenye kunata, kana kwamba kinywa kimejaa ugali na mchuzi umesahauliwa. Alijaribu tena kwa nguvu zaidi, ikawa "Nduuu" ndefu zaidi. Mama mmoja alimtazama kwa huruma akamsogezea chupa ya maji, na kondakta, mtu mwepesi wa kutafsiri, akagonga bati na kumwambia dereva, "Makumbusho, shusha! Huyu mzee anashuka!" Hivyo ndivyo mtu alivyoteremshwa kabla ya kituo chake, katika ndoto yake mwenyewe, kwa amri ya kondakta anayeishi kwa hisani ya ubongo wake. Asubuhi mkewe alimwarifu kwamba usiku alinguruma kama friji bovu.

Sababu inayotajwa kwanza ni ya mwili. Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chicago walieleza kipindi cha usingizi ambamo macho huchezacheza chini ya kope, nacho ndicho kipindi cha ndoto nyingi zilizo wazi. Baadaye Michel Jouvet wa Lyon, akiwachunguza paka, alionyesha kwamba katika kipindi hicho misuli ya mwili hulegea kabisa, kwa kuwa shina la ubongo, yaani sehemu inayouunganisha ubongo na uti wa mgongo, huzuia amri zisiifikie misuli. Ni mpango wa hekima, maana bila huo kila anayeota amekimbizwa na mbwa angemaliza mateke yake kwa mwenzake wa kitandani. Mdomo, ulimi na taya havikusamehewa, na ingawa pumzi inaendelea, pumzi peke yake haitamki "Ndugu abiria".

Maelezo hayo yanaridhisha mpaka mtu akumbuke miguu. Miguu nayo imelegea kitandani, lakini ndotoni hupanda milima bila malalamiko, na wapo pia waotaji wanaozungumza bila tatizo lolote, kwa hiyo kuutwisha ulimi lawama yote si haki. Mshitakiwa wa pili ni kiwanda cha maneno chenyewe. Emil Kraepelin, daktari wa Kijerumani wa magonjwa ya akili, alichapisha mwaka 1906 kitabu kuhusu kuvurugika kwa usemi ndotoni, akitumia mifano 286, mingi ikiwa ya ndoto zake mwenyewe, iliyojaa maneno yasiyokuwapo katika lugha yoyote na sentensi ambazo msemaji aliyelala huziona zina maana kamili. Inawezekana basi kwamba hata kama kinywa cha mwotaji wa daladala kingefunguka, hotuba ingekuwa ya aibu kubwa zaidi, na kondakta alimsitiri. Tena, watafiti wa Paris waliowarekodi watu wanaosema usingizini walieleza mwaka 2017 kwamba zaidi ya nusu ya sauti zilizonaswa hazikuwa maneno bali miguno, minong'ono, vicheko na kelele, na kwamba kati ya maneno yaliyosikika vizuri, lililoongoza ni "hapana". Friji bovu, kwa kipimo hicho, ni msemaji wa kawaida.

Njia ya kuuzunguka ulimi imekwisha kupatikana, nayo ni macho, ambayo misuli yake haikuingizwa katika marufuku ile. Tarehe 12 Aprili 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull nchini Uingereza, Keith Hearne alirekodi ishara za macho za Alan Worsley, aliyekuwa amelala na anajua kuwa anaota, akiyapeleka kushoto na kulia kama walivyoafikiana kabla. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi walikwenda mbali zaidi, wakawauliza waotaji maswali mepesi kama 8 kutoa 6, nao wakajibu bila kuamka, kwa macho au kwa misuli ya uso. Katika majaribio 158, majibu sahihi yalikuwa 29 na yaliyokosewa 5 tu, mengine 28 hayakueleweka, na 96 hayakupata jibu lolote, kiwango ambacho mke wa mwotaji alisema anakifahamu kwa mume aliye macho.

Kwa hiyo msomaji atakayemsikia mwenzake akinguruma usiku anaombwa asimtikise wala asimrushie mto kwa haraka. Amtazame kope kwanza. Akiona macho yanakwenda kushoto na kulia, kushoto na kulia, huenda yupo abiria aliyepitishwa kituo.